Kijiji chenu enzi za Mjerumani na Mwingereza: namna ya kuitafuta historia yake na kuiandika

Wengi wanaotaka kuandika historia ya kwao huanza kwa kumfuata mzee mmoja wakiwa na simu mkononi. Hurudi na sauti ya saa tatu, majina arobaini, na hakuna hata mwaka mmoja wa kushika. Kazi hii ianzie mezani, kwa daftari na ramani, kabla hujapiga hodi kwa mtu yeyote. Maelezo haya yamepangwa kwa Tanganyika, tangu 1885 hadi 1961. Aliye Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi atabadili tarehe na jina la mtawala, lakini hatua ni zilezile.

Kwanza, unatafuta kijiji kipi?

Swali hili linaonekana la kitoto, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Kijiji mnachokaa leo huenda hakikuwepo 1905, au kilikuwepo kilomita kumi na mbili kutoka hapo. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha watu karibu nchi nzima na kuwapanga kando ya barabara. Kabla ya hapo Mwingereza alikuwa amewakusanya watu wa maeneo mengi ya magharibi kwa sababu ya malale, na katika miaka ya 1940 watu wa sehemu za Liwale waliondolewa, ardhi yao ikaachiwa wanyama. Nyuma zaidi kuna Maji Maji, ambapo majeshi ya Mjerumani yalichoma nyumba na maghala makusudi ili njaa imalize kilichoshindikana kwa bunduki. Waliosalia hawakurudi wote walikotoka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Muulize mtu mzima yeyote: "Operesheni iliwakuta mkiishi wapi?" Kisha: "Na huko, wazee wenu walitokea wapi?" Mpaka upate hame la tatu au la nne. Nenda ukaone kwa macho. Miembe mikubwa iliyojipanga, minazi mbali na pwani, mawe ya kusagia yaliyochimbika katikati, vigae vya vyungu, makaburi na kisima kilichofukiwa: hizo ndizo dalili. Pima mahali kwa GPS ya simu, uandike namba zote mbili na jina la hame kama wenyewe wanavyolitamka.

Baada ya hapo tafuta ramani ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ya kipimo cha 1:300,000. Ilianza kutolewa miaka ya 1890, na karatasi zake nyingi sasa zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti na maktaba za Ujerumani. Sentimita moja ni kilomita tatu. Usishangae kutoliona jina la kijiji chenu. Wapima ramani wale waliandika kijiji kwa jina la jumbe (mkuu wa kijiji) waliyemkuta. Jumbe akifa, kijiji kilibadili jina. Anza na mito na vilima, maana havihami na majina yake hudumu. Ukishaupata mto, hesabu sentimita kutoka kwenye makutano ya vijito mpaka lilipo hame lenu, kisha usome jina lililoandikwa hapo. Mara nyingi litakuwa jina la babu wa mtu ambaye bado anasalimiwa kijijini.

Kalenda ya matukio

Chukua daftari kubwa, chora safu tatu: mwaka, lililotokea nchini, lililotokea kwenu. Safu mbili za kwanza zijaze wewe mwenyewe kabla ya mahojiano. Ya tatu iache tupu. Wazee ndio watakaoijaza. Haya ni baadhi ya matukio yenye tarehe za uhakika, chagua yanayogusa upande wenu:

- 1888–1889, vita vya pwani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889.
- Miaka ya 1890, sotoka iliua ng'ombe, nzige na njaa vikafuata, na funza wakaenea wakitokea upande wa Kongo. Wazee wengi hukumbuka funza kuliko vita.
- 17 Agosti 1891, Wahehe walikivunja kikosi cha ofisa wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo. Kalenga ilianguka Oktoba 1894, Mkwawa akafa Julai 1898; fuvu lake lilirudishwa 1954.
- 1898, kodi ya nyumba ilianza kukusanywa.
- Julai 1905, Wamatumbi waling'oa pamba. Maji Maji ikaendelea hadi 1907. Songea, viongozi 67 walinyongwa tarehe 27 Februari 1906.
- Reli ya kati: Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914.
- Agosti 1914 hadi Novemba 1918, vita vya Mjerumani na Mwingereza, kisha homa kubwa ya mafua ya 1918–1919.
- 1926, sheria ya watawala wenyeji chini ya Gavana Cameron. Maakida (wasimamizi wa majumbe) walitoka, watemi na machifu wakapewa mahakama na hazina.
- 1939–1945, vita vya Hitla. Vijana waliingia Keya (KAR, jeshi la Mwingereza) na wengine kufika Burma.
- 1947–1951, mradi wa karanga wa Kongwa, Nachingwea na Urambo.
- 7 Julai 1954, TANU. 9 Desemba 1961, Uhuru. 1963, uchifu ulifutwa.

Kwa sehemu za Waislamu kuna kipimo kingine kizuri. Mzee akikwambia, "babu alikamatwa mwezi wa Ramadhani, mwaka wa Maji Maji", usiandike "1905" ukaishia hapo. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Oktoba 1905, kwa hiyo umepata mwezi mzima. Barua za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zina mwaka wa Hijria: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1323 unakupa 1905. Hesabu hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, basi kwa tarehe kamili tumia programu ya kubadilishia kalenda.

Fedha nayo ni saa, ila ina mtego. Rupia ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64 mpaka 1904, halafu ikawa na heller 100. Huko ndiko neno *hela* lilikotoka, lakini leo kila mtu hutumia hela kwa fedha yoyote, kwa hiyo lenyewe halithibitishi kitu. Rupia pia iliendelea kutumika Mwingereza alipoingia, hadi shilingi ilipochukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kinachosaidia ni kiasi. "Rupia tatu kwa nyumba" mara nyingi ni kodi ya Mjerumani. Mzee akisema babu yake alilipa kwa shilingi, uko wakati wa Mwingereza, hata kama anaapa kwamba aliyekuja kudai alikuwa Mjerumani. Na ukionyeshwa heller 20 ya shaba nyekundu au ya manjano, iliyogongwa vibaya, ya mwaka 1916, ujue hiyo ilitengenezwa Tabora vita vilipofunga njia ya bahari.

Kukaa na mzee

Fanya hesabu kwanza. Mtu wa miaka 90 leo alizaliwa katikati ya miaka ya 1930. Karanga, Keya, manamba (vibarua wa mkataba) na TANU aliviona. Mjerumani hakumwona. Anachokupa kuhusu Mjerumani ni alichosikia, na lazima ujue alikisikia kwa nani. Katika pambizo la daftari weka alama moja kati ya tatu: A, aliona mwenyewe, B, aliambiwa na aliyeona, na jina la aliyemwambia, C, watu husema. Bila alama hizi, simulizi ya bibi aliyebeba mizigo ya jeshi 1917 itachanganyika na hadithi iliyosomwa darasa la sita 1978, nawe hutaweza tena kuzitenganisha.

Hili la kitabu cha shule ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sentensi kama "Wajerumani walitumia mbinu ya kugawa na kutawala" haitoki kwa bibi wa mtu. Ukiisikia, isikilize kwa adabu, kisha uulize kitu cha mkono: Kodi ililipiwa wapi? Nani alishika daftari? Asiyekuwa nayo alifanywa nini? Viboko vilipigwa mbele ya nani? "Hamsa ishirini" ni jambo ambalo familia hukumbuka kwa jina la aliyechapwa.

Usimuulize mzee mwaka. Muulize mambo yanayoweza kupimwa: Alikuwa anachunga au anabebwa mgongoni? Aliingia jando na nani? Wakati huo nani alikuwa chifu? Mvua ilikuwaje? Majibu uyapeleke kwenye kalenda.

Halafu angalia maneno ya ukoo. Tuchukue mfano. Bibi anasema: "Kaka yangu mkubwa alizaliwa baba akiwa Kongwa kwenye karanga. Mimi namfuata." Baadaye anasema: "Uhuru umenikuta nanyonyesha mtoto wangu wa kwanza." Weka mezani: karanga ni 1947 hadi 1951, kwa hiyo kaka alizaliwa hapo, na anayemfuata hakuzaliwa kabla ya 1949 hivi. Uhuru ni Desemba 1961. Basi bibi alizaa akiwa na miaka kumi na mbili au pungufu. Haiwezekani, na bibi hasemi uongo. Rudi umuulize polepole:

"Samahani bibi, huyo kaka, ni wa tumbo moja nawe?"

"Hapana mjukuu wangu. Huyo wa baba mdogo. Tumelelewa pamoja."

"Kwa hiyo aliyekwenda Kongwa ni baba mdogo?"

"Ndiyo, baba. Baba mdogo si baba?"

Sasa kila kitu kimekaa. Aliyekwenda Kongwa ni ndugu wa baba. Na "namfuata" ilikuwa ya heshima ya ukoo, wala si ya kuzaliwa. Umri wa bibi unautafuta upya kwa mtoto wake: alizaa mwaka 1960 au 1961 akiwa na miaka kumi na saba hadi ishirini, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1940 na 1944. Kwa Kiswahili na lugha nyingi za jirani, "baba", "mama", "kaka", "babu" ni nafasi katika ukoo. Chora mti wa ukoo mbele ya mhojiwa, kwa penseli, aone mistari ikivutwa. Watu husahihisha haraka wakiona makosa kwa macho. Unapokadiria vizazi tumia miaka 25 hadi 30 kwa kila kimoja, na kwa ukoo wa mitara ongeza, kwa kuwa mtoto wa mke wa nne anaweza kuwa mdogo kwa miaka arobaini kuliko ndugu yake wa kwanza.

Kuhusu kurekodi, ni mambo machache. Simu iwekwe katika hali ya ndege, juu ya khanga iliyokunjwa ili mtikiso wa meza usiingie, urefu wa mkono kutoka mdomoni kwa msemaji. Mbali na bati wakati wa mvua, mbali na redio, mbali na kuku ikiwezekana. Saa moja ya WAV ya njia moja hula karibu MB 320. MP3 ya 128 kbps hula MB 58, nayo inatosha. Kabla ya swali la kwanza, sema kwa sauti: tarehe, mahali, jina la anayehojiwa, na yeye mwenyewe akubali kurekodiwa na aseme kama jina lake liandikwe. Jina la faili liwe kama *2025-07-14_jina_hame_01*, maana "Sauti mpya 17" haitakusaidia chochote baada ya mwezi. Nakala tatu, mahali pawili tofauti. Kuandika maneno ya saa moja ya sauti kunakula saa tano au sita, kwa hiyo mahojiano ya dakika hamsini, mara mbili, ni bora kuliko ya saa nne mara moja. Mzee naye huchoka, na akichoka huanza kukubali kila unachosema.

Usimhoji mzee mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wala mbele ya ukoo uliokuwa wa chifu ikiwa yeye si wao. Kuna familia ambazo babu yao alikuwa akida, au karani wa kodi, au askari aliyekuja na jeshi na kuoa. Mambo hayo bado yanauma, na yana mashamba ndani yake.

Majalada: yako wapi na utayatafutaje

Kumbukumbu nyingi za maboma ya Kijerumani zilipotea katika vita vya 1914–1918. Zilizobaki nchini ziko Dar es Salaam, Upanga, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Majalada ya Kijerumani yana alama ya G. Nenda na barua ya utambulisho na mada iliyoandikwa kwa sentensi mbili. Raia wa kigeni huhitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Zanzibar ina hifadhi yake Kilimani, nayo ni hazina kwa barua za Kiarabu na Kiswahili za pwani. Walio Kenya waende jengo la kumbukumbu za taifa la Moi Avenue, Nairobi.

Nakala za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani), Berlin-Lichterfelde, kundi la R 1001, na sehemu kubwa imewekwa kwenye mtandao bila malipo. Kwa Mwingereza, barua za gavana kwenda London ziko Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, kundi la CO 691. Majalada yaliyobebwa kimyakimya wakati wa uhuru wa makoloni yako kundi la FCO 141; yalianza kufunguliwa kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau, ambao 5,228 kati yao walilipwa fidia 2013. Picha takriban 55,000 za chama cha makoloni cha Ujerumani ziko katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt na zinaonekana mtandaoni. Maelezo yaliyo chini ya picha hizo yaamini nusu: mpigapicha aliandika kabila kwa kubahatisha, na jina la mtu hakuuliza.

Ukitafuta jina la kwenu kwa tahajia ya leo hutapata kitu. Mjerumani aliandika alivyosikia kwa sikio la Kijerumani. *Y* yetu aliiandika *j*: Bagamojo. *Sh* ikawa *sch*: Moschi, Aruscha. *J* ikawa *dj*: Djumbe, Udjidji, Kilwa Kiwindje. *Ch* ikawa *tsch*, na Wachaga utawakuta kama Dschagga. *S* ya mwanzo wa neno mara nyingi ni *ss*: Ssongea. *Z* yetu ni *s* yao: Uzaramo ni Usaramo, Mwanza ni Muansa. Andika jina la kijiji chenu kwa njia sita au saba namna hiyo, na utafute moja moja. Miji mingine ilipewa majina mapya kabisa: Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, Kasanga ilikuwa Bismarckburg, Liuli ilikuwa Sphinxhafen. Jalada linalohusu wazee wa Unyakyusa halisemi Tukuyu popote.

Maneno ya kutafutia: *Hüttensteuer* (kodi ya nyumba), *Bezirksamt* (ofisi ya wilaya), *Aufstand* (uasi), *Arbeiter* (vibarua), *Träger* (wapagazi). Na *Schauri*, neno letu walilolichukua kwa kesi na baraza la boma, linafungua milango mingi.

Mwandiko ni ukuta mwingine. Barua nyingi ziliandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo hawausomi bila kujifunza. Herufi *e* hufanana na *n*. *U* hutambulika kwa kijipinde kilicho juu yake. Usijifunze kwa kusoma jalada zima. Tafuta kwanza neno unalolijua, mfano jina la mji wenu na tarehe iliyo juu ya barua, nakili herufi zake kwenye karatasi, ujenge alfabeti ya karani huyo mmoja. Programu ya Transkribus husoma mwandiko huu na kukupa rasimu, ila majina ya Kiafrika huyaharibu karibu kila mara, na wewe majina ndiyo unayoyataka. Hakiki kwa jicho.

Cheo kisikudanganye. Mjerumani alimwita "Sultan" mtawala yeyote, awe mtemi wa watu elfu hamsini au mzee wa mitaa minne. Na jina linalofuata cheo linaweza kuwa jina la baba yake, jina la ukoo, au jina la nchi. Likague kwa wazee kabla ya kuliandika.

Kuna hifadhi ambazo watu huzisahau. Vitabu vya ubatizo vya misheni, kwa Wakatoliki, viko kwa Kilatini, lakini maneno ni yaleyale ukurasa baada ya ukurasa: *filius* au *filia* ni mtoto wa fulani, *patrinus* ni msimamizi, *annorum circiter* ni umri wa kukadiria, *obiit* ni alifariki. Kwa siku mbili utavisoma. Wamisionari wa Afrika waliandika shajara ya kila kituo kwa Kifaransa, siku kwa siku, na humo utakuta mvua, njaa, na kupita kwa jeshi. Magazeti ya Kiswahili pia: Kiongozi la Tanga enzi za Mjerumani, na Mambo Leo lililoanza 1923, lililojaa barua kutoka wilayani zenye majina ya walimu, makarani na waliokufa.

Jalada lilitaka nini?

Kila karatasi utakayoishika iliandikwa na mtu aliyetaka kitu. Orodha ya nyumba iliandikwa ili kodi itoke, kwa hiyo nyumba zilizofichwa porini hazimo, na jumbe mwenye akili alipunguza. Ukitaka kukadiria idadi ya watu kwa orodha hiyo, ichukue kama kiwango cha chini. Taarifa ya ofisa aliyetoka vitani ilitaka sifa, au ilitaka kujikinga na lawama Berlin. Ndiyo maana hesabu ya serikali ya waliokufa Maji Maji ni 75,000, na wanahistoria waliohesabu njaa na maradhi yaliyofuata wamefika 250,000 hadi 300,000.

Vitabu vya wilaya vya Mwingereza ndivyo vinavyowanasa wengi, kwa sababu ni rahisi kusoma na vina kila kitu: asili ya kabila, orodha ya machifu, mila za urithi. Tazama tarehe. Kurasa nyingi ziliandikwa katikati ya miaka ya 1920, Cameron alipotaka kila wilaya iwe na makabila yenye watawala wao. Wazee walioitwa bomani walijua kwamba ukoo utakaoonekana wa kale ndio utakaopewa mshahara, mahakama na vilemba. Wakasimulia ipasavyo. DC (mkuu wa wilaya) akaandika kwa mashine, na miaka hamsini baadaye wajukuu wakakinukuu kitabu hicho kama ushahidi. Hivyo simulizi unayoipata leo kijijini, ikifanana neno kwa neno na kitabu cha wilaya, si ushahidi wa pili. Ni ule ule mmoja umerudi nyumbani. Tafuta ukoo ulioshindwa 1926 na uusikilize.

Kwa upande mwingine, usitupe jalada kwa kuwa la mkoloni. Mambo ambayo ofisa hakuyajali ndiyo ya kuaminika zaidi: bei ya mtama, jina la tarishi, siku ambayo mto ulizuia safari, idadi ya mizigo. Hakuwa na sababu ya kudanganya hapo. Katika kila ukurasa tafuta kwanza vitu hivyo vidogo, uvipeleke kwenye safu ya tatu ya kalenda yako.

Kuandika

Panga kwa mahame na kwa vizazi; ukipanga kwa magavana utajikuta unaandika historia ya Dar es Salaam. Kila jambo zito libebwe na vyanzo viwili visivyotokana, mfano simulizi ya alama B na ripoti ya boma. Vikigombana, viandike vyote viwili: "Ukoo huu husema jumbe alikimbia, jalada la 1906 linasema alinyongwa." Usichague mshindi kama huna sababu, na ukiwa nayo, iseme.

Maneno ya zamani yaache yalivyo, uyaeleze mara moja: akida alikuwa msimamizi wa majumbe kadhaa, mara nyingi mgeni kutoka pwani, manamba walikuwa vibarua wa mkataba wa mkongeni, waliojulikana kwa namba. Fedha usizibadilishe kuwa za leo. Sema rupia tatu zilinunua nini au zilikuwa ujira wa siku ngapi pale pale, kama jalada au mzee anasema.

Rasimu ikiwa tayari, isome kwa sauti mbele ya waliohojiwa kabla ya kuchapa. Chukua penseli. Majina ya watu yatasahihishwa zaidi ya yote, halafu mipaka ya mashamba. Sehemu ya mipaka ikileta ugomvi, iondoe kwenye kitabu na uihifadhi peke yake. Mabaraza ya ardhi hupokea maandishi ya namna hiyo kama ushahidi, na hukukusudia kuamua kesi ya mtu.

Chapa nakala kwa karatasi, maana flashi hufa. Moja ibaki shule ya msingi, moja ofisi ya kijiji, moja kwa kila ukoo uliotoa mhojiwa, na moja hifadhi ya nyaraka pamoja na sauti zote na daftari la alama A, B na C. Aliyeomba jina lake lisitajwe, sauti yake ifungiwe bahasha na iandikwe mwaka wa kufunguliwa, ule alioutaja yeye mwenyewe.